Mwaka Usiokatika

Siku zile za ruksa kila kitu kilivuka Ziwa Nyasa bila maswali mengi: mitumba, sabuni, betri, hata kuku. Aliyeulizwa ni Biubwa. Alizaliwa ng'ambo, Nkhata Bay, akaolewa Mbamba Bay na Masoudi muuza nguo, na hapo ndipo alipozeekea. Hapo alimzika Masoudi, na kabla yake alikuwa amewazika watoto wake wawili, Shamimu na mdogo wake. Hata hivyo, kila kibali cha kuishi kilipokaribia kwisha, ilimbidi apande gari la mlimani hadi Mbinga kuomba aruhusiwe kuendelea kulala nyumbani kwake mwenyewe. Safari hii akasema imetosha. Angeomba uraia, ili afe akiwa mtu wa mahali.

Shemeji yake Hamidu, mwenye boti la mashine, alimcheka. "Shemeji, nani kakwambia wewe si wa hapa?"

"Serikali," akajibu Biubwa. "Kila mara."

Kule Mbinga, afisa uhamiaji alikuwa binti mpole, Aurelia, aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumwonyesha kiti. Alimweleza vizuri: miaka yake mingi nchini ilitosha na kubaki, ila mwaka wa mwisho kabla ya kuomba lazima aukae wote ndani ya nchi, usikatike.

Mwaka huo huo mama yake Biubwa, kule ng'ambo, akaugua. Hamidu alimwambia apande boti lake, kama walivyovuka watu wote wa ufuko ule, bila kumuaga ofisa yeyote. Biubwa akakataa. Alitaka kuingia kwa mlango wa mbele, basi akapanda meli, akagongewa muhuri wa kutoka.

Mama hakufa upesi. Tuseme ukweli hata kama unachoma: zilikuwako asubuhi ambazo Biubwa alimlisha mama yake uji huku moyoni akimwomba apumzike, mwaka usije ukaharibika. Alijichukia kwa hilo. Mama alipofariki, hakuthubutu tena kuharakisha chochote. Akakaa mpaka arobaini ikasomwa.

Aurelia alifungua pasipoti, akaifunga taratibu. "Pole kwa msiba, mama. Lakini umekaa nje muda mrefu mno. Itabidi uanze mwaka upya."

"Nilikuwa namuuguza mama yangu, mwanangu."

"Najua, mama. Ila hapa tunaangalia ulikuwa wapi tu."

Akaanza upya. Harusi za ng'ambo zikapita, akatuma kanga. Mjomba akafa, akatuma rambirambi na machozi. Watu wakadhani uzee umemfanya aogope mawimbi, naye akawaacha wadhani.

Mwaka ulipobaki kidogo kukamilika, Hamidu alikuja mbio akitoka ufukweni. Sumaiya, mdogo wake Biubwa, ndugu wa tumbo moja pekee aliyebaki, alikuwa taabani na alikuwa akimtaja.

"Mashine inawaka, shemeji. Twende."

"Na nikiulizwa kama nimetoka?"

"Utasema hukutoka. Nani atajua?"

"Nitakula kiapo, Hamidu. Niwe raia kwa uongo?"

"Ndugu yako anakufa!" Hamidu alipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mke wa kaka yake.

Biubwa alichukua kifurushi, akamfuata ufukweni, akaingia majini hadi magotini. Alishika ubavu wa boti. Kisha akaweka ndani sukari na kanga mpya, akaachia. Boti lilikwenda, naye akarudi nyumbani na nguo zikimgandama, asijue kama alichofanya ni haki au ni ukatili.

Hamidu alirudi wakiwa wameshamzika Sumaiya. Alijaribu kuficha, akashindwa. "Aliuliza akina nani wameshuka botini. Nikamwambia ni mimi peke yangu."

Biubwa akalia mpaka sauti ikakauka.

Wanawake wa mtaa walikuja, wakatandika mikeka, wakakaa naye tanga kama ilivyo desturi. Karibu naye aliketi Gertrude, jirani aliyemshika mkono siku ya kuzikwa Shamimu, na ambaye waliazimana chumvi na moto tangu wote wakiwa vijana. Hakuwa na ubaya moyoni. Jambo lilimshinda kulielewa, basi. Kwao, hata walionuniana mwaka mzima hukutana msibani.

"Mama Shamimu," akauliza kwa upole, "hukwenda hata kumwona?"

Biubwa alitaka kumwambia kwamba alibaki kwa ajili yao, apate kuwa mwenzao. Badala yake akajifunika uso kwa kanga.

Gertrude akamshika bega. "Huko kwenu mtu haendi kumzika ndugu yake?"

Huko kwenu. Tangu wajuane, Gertrude hakuwahi kumwambia neno hilo.