Vidole Vinne vya Kalinga

Esnath alipanda gari la asubuhi kutoka Idodi akiwa na bahasha ya stika kwapani, akashuka Iringa mjini, akapandisha mpaka kwenye fremu ya Faustin, mchapaji wa stika, na hapo mlangoni ndipo alipokumbuka kwamba chupa ameiacha mezani. Safari yote ile ni ya kwenda kulalamika kwamba stika hazikai kwenye chupa, na chupa yenyewe hana! Msimcheke. Mtu aliyezika mume wiki tatu zilizopita husahau mengi, hata kula husahau.

"Kamwene, mama," alisema Faustin, akainuka kwenye kompyuta yake. Alikuwa kijana mnene, mwenye mikono mikubwa kama ya mfua chuma. "Karibu kiti."

"Kamwene. Mimi ni mke wa Kalinga, yule wa asali." Akazimwaga stika mezani. "Hizi ulizotuma na basi ni kubwa. Ukiibandika inapanda mpaka kwenye bega la chupa, inajikunja, kufika jioni imebanduka."

Stika zenyewe zilipendeza, tusimnyime mtu sifa yake. Zilikuwa za njano, zina picha ya nyuki, namba ya simu, maneno "asali halisi ya Idodi", na katikati kwa herufi nene: ASALI YA KALINGA NA ESNATH. Jina la pili ndilo lililomliza Esnath siku alipofungua kifurushi. Hakuambiwa kwamba litakuwepo.

Kisa ni hiki. Kalinga alikuwa mrina asali mwenye mkono mdogo kuliko wote pale kijijini. Mkono ule uliingia kwenye tundu la mzinga wenzake waliposhindwa. Esnath, yeye, Mungu alimjalia viganja vya kufyatulia matofali, na walipokuwa wachumba walipenda kulinganisha: vidole vitatu vya Esnath kwa upana vilikuwa sawasawa na vinne vya Kalinga. Walilinganisha hivyo miaka yote, kanisani, shambani, hata walipokuwa wamenuniana. Pete ya ndoa ya bwana harusi ilipatikana kwenye duka la tatu, kwa udogo wake.

Mwaka huu Kalinga alimwahidi mchungaji chupa thelathini za asali kwa ajili ya mnada wa Sikukuu ya Mavuno, tena zenye stika, kama za madukani. Esnath alimcheka. "Watu wote hapa wanakujua. Stika ya nini? Watailamba?" Kalinga aliiweka chupa mezani, akalaza vidole vinne ubavuni pake, vikaenea barabara toka chini mpaka begani. Akampigia Faustin: kimo cha stika vidole vinne, usizidishe wala usipunguze. Esnath akaona kidole cha pete kitupu, akamshukia hapohapo. Ameipeleka wapi pete? Kalinga akasema nyuki kamuuma, kidole kimevimba kidogo, ataivaa kesho.

Baada ya siku kumi, Jumapili, alishindwa kusimama kanisani. Jumanne akafariki hospitali. Daktari alisema ni moyo, na kwamba maji yalikuwa yamejaa mwilini muda mrefu. Tangu hapo kila anayekuja kutoa pole anauliza aliugua lini, na Esnath anajibu, "Jumapili ile, kanisani." Anajibu haraka, kwa sababu hayo maneno ya "muda mrefu" yanamtesa. Muda mrefu upi, na yeye alikuwa wapi?

Faustin aliichukua stika moja, akalaza vidole vyake juu yake. Ikalingana navyo kabisa.

"Nilitumia vyangu, mama," alisema kwa aibu. "Nilimpigia Mzee mara mbili kuhakikisha. Simu haikupokelewa."

"Siku gani?"

"Alhamisi."

"Alhamisi tulikuwa tunamzika."

Faustin alishika kichwa. Alikuwa hajui. Alitoa pole nyingi, akasema atachapa upya zote, Mama aje Jumatatu na chupa waipime kwa rula.

"Mnada ni kesho," Esnath alisema. "Aliahidi. Sitaki ahadi yake ya mwisho iende kanisani imejikunjakunja." Akavuta rula, akalaza juu yake vidole vyake vitatu. "Andika hapo."

"Mama, nimeshakosea kwa vidole mara moja."

"Ulikosea kwa vyako. Hivi ni vyake."

Faustin aliandika. Lakini stika ikipungua na herufi zinapungua, na alipoyaweka maneno yote kwenye kioo cha kompyuta hakuna aliyeweza kuyasoma. Lazima kitu kitoke. Akakohoa kidogo, akasema kwa upole kwamba Mzee ameshatangulia, biashara sasa ni ya Mama, pengine jina moja lingetosha.

Esnath alimjia juu, akanyoosha kidole kwenye kioo. "Toa nyuki. Anayekula asali anajua imetoka kwa nani. Toa hiyo halisi, sisi hatujawahi kuuza ya uongo. Toa na namba ya simu. Majina mawili yakae kama alivyoyapanga."

Yakakaa. Alasiri alikuwa amerudi Idodi na bahasha mpya, amekaa mezani, chupa thelathini mbele yake. Alibandika ya kwanza taratibu, akisukuma hewa kwa kidole gumba. Haikupanda begani wala kujikunja. Majina yalisomeka hata ukiwa mlangoni.

Ila haikufika juu. Kati ya stika na bega la chupa ulibaki mstari wa kioo mtupu, karibu nusu ya upana wa kidole. Alijaribu chupa nyingine, ikawa hivyohivyo. Akalaza vidole vyake vitatu ubavuni pa chupa, na vyenyewe havikufika. Alikaa akiutazama ule mstari. Kalinga hakuwa mtu wa kupima ovyo, na yeye mwenyewe alimwona kwa macho yake, vidole vinne vimeujaza ubavu wa chupa toka chini mpaka juu. Vidole vile vya siku zote visingeweza.

Basi siku ile vilikuwa vimevimba, vyote vinne, si cha pete peke yake. Wala hapakuwa na nyuki. Mume wake alikuwa ameshajaa maji, amekaa naye meza moja, amemnyooshea mkono mbele ya macho, na yeye alichoona ni pete.

Esnath alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akanawa uso, akabandika zilizobaki, kwa sababu ahadi ni ahadi.

Kesho yake chupa zilinunuliwa zote, na watu waliyasoma majina kwa sauti. Baada ya mnada mama mmoja aliyekuwa amesafiri wakati wa msiba alimshika mkono, akampa pole, akauliza kama wote walivyouliza: Baba aliugua lini?

Esnath alitazama chupa iliyokuwa kwapani mwa yule mama.

"Siku aliyopima chupa," akasema. "Nilikuwepo."