Mabawa Matatu Juu ya Yalokenge

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Zacharie, Djamila na Gédéon walipakia mabawa yao kwenye mtumbwi wa Papa Osée ili wavuke mto kwenda Lubunga. Mabawa yalikuwa yamekunjwa na kufungwa kwa mipira ya ndani ya baiskeli, kila jozi ikiwa na urefu wa mita nne na nusu, na abiria walilazimika kusogeza makapu ya chikwangue, mikate ya muhogo, na kuku waliofungwa miguu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na beseni la samaki aliuliza vile vitu ni nini.

"Mabawa," alisema Gédéon.

"Bon. Musiweke juu ya samaki yangu."

Wakayaweka upande wa pili.

Walikuwa marafiki tangu siku za toleka, wakati Zacharie na Gédéon walipokuwa wakibeba watu kwa baiskeli mjini Kisangani na Djamila akiwashonea mito ya viti vya nyuma. Pikipiki zilipokuja zikawaondoa barabarani. Zacharie akaanza kutengeneza baiskeli za wengine huko Mangobo, Gédéon akawa fundi wa milango na madirisha, na Djamila akaendelea na cherehani yake Kabondo. Mabawa waliyatengeneza wenyewe. Gédéon aliunga mirija ya alumini, Zacharie akakaza kebo za breki za baiskeli, na Djamila akashona maturubai ya buluu, kila mshono mara tatu, kwa sababu alisema hataki kwenda msibani kwa kosa la uzi.

Milima ya kurukia ilikuwa kilomita arobaini kusini, nyuma ya kijiji cha Yalokenge. Zamani hapakuwa na milima. Kampuni moja ya mbao ilikata msitu wa pale kwa miaka kumi na mmoja, na mwezi uleule ilipoondoa mashine yake ya mwisho, mvua iliacha kunyesha mahali miti ilipokuwa imesimama. Ilinyesha mpaka kwenye kisiki cha kwanza, ikaishia hapo. Ardhi ikakauka, ikawa mchanga mwekundu, kisha ikaanza kuumuka taratibu kama unga wa mikate. Baada ya miaka mitatu palikuwa na milima saba ya mawe na mchanga, isiyo na jani hata moja. Watu wa Yalokenge walihamishia mashamba yao upande wa mvua, wakaipa milima majina ya shangazi zao.

Kampuni ilichukua miti, lakini vivuli vilibaki. Vililala mchangani, kila kimoja mahali pa mti wake, asubuhi vikielekea magharibi na jioni mashariki, na watu waliokuwa wakipita na mizigo walipumzika humo. Chifu aliandika barua mjini kueleza kwamba msitu umekwisha. Jibu lilikuja baada ya mwaka. Lilisema kwamba picha zilizopigwa kutoka angani zimeonyesha vivuli vingi vyenye afya, na penye kivuli pana mti. Hivyo msitu upo, na chifu anaombwa aendelee kuutunza.

Siku hiyo marafiki watatu walitaka kuivuka milima yote saba na kushuka ukingoni mwa mto, karibu na Yanonge. Walikuwa wamejaribu mara nne, na mara zote upepo uliwaacha kwenye mlima wa tano. Pikipiki ziliwafikisha chini ya mlima wa kwanza, wakapanda kwa miguu, wakayafungua mabawa. Ilipofika saa nne hewa ya moto ilianza kupanda kutoka mchangani.

"Mupepo iko muzuri," alisema Djamila. Alikimbia hatua kumi na mbili, ardhi ikamwachia.

Zacharie alimfuata, kisha Gédéon. Waliwatafuta mwewe, kwa kuwa mwewe ndio wanaojua hewa inapopanda, na walipowaona wakizunguka juu ya mlima wa pili, nao wakaingia katika mzunguko huo, wote kwa upande mmoja, ndege watano na watu watatu. Mwewe mmoja aliwapisha. Chini yao vivuli vya msitu vilienea kama nguo iliyoanikwa, na upande wa kaskazini ukuta wa mvua ulisimama palepale, mweusi, bila kuvuka mpaka.

Zacharie alikuwa na miaka arobaini na sita, na magoti yake yalikuwa yamebeba nusu ya watu wa Kisangani. Huku juu hayakuwa na kazi yoyote. Aliwatazama wenzake, mmoja kulia na mmoja kushoto, akamshukuru Mungu kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumsikia.

Walivuka mlima wa tatu, wa nne, wa tano. Gédéon alipiga yowe la furaha. Juu ya mlima wa sita, kebo ya kushoto ya Zacharie ilikatika. Bawa lilikunjamana, akashuka akizunguka, akapiga mteremko wa mchanga, na mguu wake wa kulia ukavunjika chini ya goti. Alisikia mlio wake, mkavu, kama kuni.

Djamila ndiye aliyekuwa juu kuliko wote. Alikuwa na hewa ya kutosha kumfikisha mtoni bila kugeuka tena. Aligeuka, akateremka kwa mizunguko mirefu, akatua hatua thelathini kutoka kwa Zacharie na kuja mbio.

"Usisogee, ya Zaka," alisema, akimwita kwa heshima kama kaka mkubwa. "Wapi?"

"Muguu. Djamila, weye ulikuwa unafika..."

"Nyamaza kwanza."

Alivua kitenge chekundu alichokuwa amejifunga juu ya suruali, akakitandaza mchangani na kukizungushia mawe. Hiyo ilikuwa alama waliyokubaliana: kitenge chini, mtu ameumia. Gédéon alikuwa mbali mbele, juu ya mlima wa saba, na tayari alikuwa akiuona mto na mapaa ya Yanonge. Aligeuza kichwa kuwatafuta wenzake ili waone wote pamoja. Akaona nukta nyekundu. Aliutazama mto mara moja tu, kisha akaupa mgongo.

Katika safari zote za nyuma walikuwa wameona kutoka angani kibao kikubwa cheupe chenye msalaba wa kijani, mwishoni mwa kijiji, kimeandikwa kwa Kifaransa kwamba hapo ni Kituo cha Afya cha Yalokenge, zawadi ya kampuni kwa wananchi. Hawakuwahi kuwa na haja nacho. Gédéon alikielekea moja kwa moja, akatua karibu na nguzo zake.

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kibao, benchi, jiko la makaa lenye sufuria ya maji, na mikeka ambayo watu saba walilala juu yake. Mwanamke mnene mwenye nywele za mvi alikuwa akimpima mtoto joto kwa kiganja cha mkono. Jina lake lilikuwa Mama Hélène.

"Mama, centre iko wapi?" aliuliza Gédéon.

"Ni hapa."

"Na nyumba?"

"Nyumba haikufika. Kibao ndiyo ilifika." Alimrudishia mama mtoto wake na kumwambia amchemshie maji. "Watu wanasoma kibao, wanaleta wagonjwa. Niwaambie nini? Miye nilikuwa mukunga, nikakuja kuwapa pole. Sasa iko mwaka wa sita. Weye unaumwa nini?"

"Si miye. Rafiki yangu, kule mulimani. Muguu imevunjika."

Mama Hélène aliinuka, akachukua mianzi, kamba na chupa mbili za maji. Aliwaita wanaume wanne kutoka shambani, nao wakaja na tipoyi ambayo walikuwa wakiwabebea wagonjwa. Mgonjwa mmoja mwenye malaria aliomba aende pia, kwa kuwa aliijua njia fupi, akaambiwa alale.

Huko mlimani jua lilikuwa limefika juu. Djamila alikuwa na chupa moja ya maji, naye alimpa Zacharie yote isipokuwa funda moja. Alimkokota mpaka kwenye kivuli kilichokuwa karibu, kivuli cha mti mkubwa wa lifaki ambao shina lake, kwa kukisia upana wa kiza kile, watu watatu wasingeweza kulikumbatia. Kulikuwa na ubaridi humo, na harufu kidogo ya majani yaliyolowa. Zacharie alifumba macho.

Baada ya nusu saa jua lilimfikia usoni.

"Kivuli inaenda," alisema Djamila. "Samahani, ya Zaka."

Alimshika chini ya makwapa na kumvuta hatua mbili. Zacharie alilia. Baada ya nusu saa alimvuta tena. Alifanya hivyo mara tisa. Mikono yake, iliyozoea sindano, ilianza kutoa malengelenge, na mara ya saba alikaa chini na kulia naye kidogo, kisha akainuka na kumvuta.

"Uniache hapa," alisema Zacharie. "Jua haitaniua."

"Itakuua, na nani atanitengenezea kebo?"

"Kebo ndiyo imekatika, Djamila."

"Donc utatengeneza ingine."

Wote wawili walicheka, na kicheko kile kiliumiza mguu kuliko kuvutwa.

Saa kumi waliona watu wakija, wakipita kutoka kivuli hadi kivuli kama watu wanaokanyaga mawe kuvuka kijito. Mama Hélène hakupoteza maneno. Aligusa mguu, akamwambia Gédéon amkumbatie Zacharie kwa nyuma na Djamila amwimbie wimbo wowote, kisha akavuta mara moja. Mfupa ukaingia mahali pake. Akaufunga kwa mianzi. Walimbeba kwa tipoyi mpaka kijijini, na mwisho wa mchanga, kati ya hatua moja na nyingine, wakaingia kwenye mvua. Zacharie alifungua mdomo, akanywa.

Usiku alilala chini ya kibao, rafiki zake kila upande. Siku ya pili walimrudisha Kisangani, ambapo daktari aliupiga picha mguu, akauliza ni nani aliyeuweka sawa, akasema yeye hana la kuongeza.

Ilimchukua miezi minne kutembea bila gongo. Kila jioni Gédéon alipita kumwona na Djamila alileta chakula, na Zacharie hakupata kamwe namna ya kuwaambia anachokifikiria kuhusu mto ule ambao walikuwa wameufikia nusu na kuuacha. Siku moja alijaribu. Gédéon alimwambia kwamba Yanonge ameshaenda mara nyingi kwa mtumbwi na hakuna cha ajabu huko, isipokuwa samaki.

Mguu ulipopona, wote watatu walirudi Yalokenge kumshukuru Mama Hélène, na mabawa yao, kwa kuwa walikusudia kuruka baadaye. Walimletea kipimajoto, glavu, dawa za malaria na vitenge viwili. Walimkuta na mgeni, mkaguzi aliyetumwa kutoka mjini, amekaa kwenye benchi na faili magotini. Mkaguzi alifurahi kuona watu waliovaa viatu.

"Wewe ulitibiwa hapa?" alimuuliza Zacharie.

"Ndiyo."

"Ukapona?"

"Nimepona kabisa. Huyu mama, Mungu amubariki. Lakini chef, nyumba hakuna. Dawa hakuna. Hata mushahara yake..."

"Sikuuliza nyumba," mkaguzi alisema kwa upole, huku akiandika. "Nimeuliza kama umepona."

Alikuwa bado anaandika wakati mwanamke kijana anayeitwa Vicky alipoletwa na mama mkwe wake, akiwa ameshika kiuno kwa mikono miwili. Uchungu ulikuwa umemkamata shambani na mtoto alikuwa karibu. Mama Hélène alimlaza kwenye mkeka. Kulikuwa na wanaume wengi pale, na upepo wa mchanga ulikuwa umeanza kutoka milimani.

Djamila hakuuliza mtu. Alifungua mabawa yake, akayasimamisha upande wa upepo. Gédéon akasimamisha yake upande wa wanaume, na Zacharie yake upande wa tatu. Upande wa nne ulikuwa kibao. Walisimama nje, migongo yao kwa Vicky, wakishikilia mirija kwa nguvu. Mkaguzi alitazama kuta tatu za buluu, akafungua faili tena, akaongeza mstari mmoja: *Jengo: lipo.* Kisha akapanda pikipiki yake na kuondoka.

Walishikilia mpaka saa tisa. Mguu wa Zacharie uliopona ulimuuma, lakini hakuhamishia uzito kwenye mwingine. Mtoto alipolia, msichana, sauti yake ilipita kwenye turubai na kumgonga mgongoni, naye akaona kwamba machozi yanamtoka na hana mkono wa kuyafuta.

"Aksanti, watoto yangu," alisema Mama Hélène kutoka ndani. "Musiachilie bado."

Waliyaacha mabawa yote matatu Yalokenge, wazi kama kuta, yamefungwa kwa kamba kwenye nguzo za kibao. Djamila alishona mengine. Barua ilikuja kumpongeza chifu kwa kituo cha afya na kwa msitu. Dawa hazikuja, wala mshahara.

Sasa, Jumamosi zenye hewa nzuri, marafiki watatu wanapopita juu ya kijiji, wanaona kituo cha afya kikinyanyuka kidogo kutoka ardhini, kiasi cha shibiri mbili, pamoja na benchi na mikeka. Mama Hélène haachi kazi yake. Anawaomba wagonjwa wazito wakae kwenye pembe, nao wanasogea, na kituo kinashuka.