Barua Iliyopakwa Mafuta ya Kondoo

"Hivi Mama Adome, zile barua za ndege, baba yako alizila?"

Jirani yangu Nakal aliniuliza hivyo siku moja tukichota maji hapa Lodwar. Wanawake wakacheka, nami nikacheka, lakini nilijua anachotafuta. Baba yake alikwenda kufanya kazi Kitale kabla yeye hajaanza kutembea. Hakurudi. Watu wakasema ameoa huko. Mama yake, ambaye sasa ni mzee haoni vizuri, alingoja barua mpaka akachoka.

Miaka ile ndege ilikuwa kitu kigeni. Baba yangu alikuwa kibarua wa uwanja wa ndege, na ndiye aliyewasha majani mabichi ili rubani aone moshi na kujua upepo unatoka wapi. Halafu anafukuza mbuzi uwanjani, anapokea gunia la barua. Siku moja ndege ilipoondoka tu, mvua ikaanza. Baba akafanya kama tunavyofanya ngozi zetu: akazipaka barua mafuta ya kondoo, moja moja, zisilowe. Karani wa posta alisema ameziharibu, akamfukuza kazi siku hiyo hiyo.

Mwezi uliopita dada yangu wa Kakuma alinitumia sanduku la vitu vya marehemu baba. Chini kabisa kulikuwa na bahasha imekuwa nyeusi kwa mafuta, ina jina la mama yake Nakal. Baba aliona haya kuipeleka. Nilipiga magoti nikamwombea msamaha kwa Mungu, kisha nikamwita Nakal.

"Ejok, dada," nikamsalimu. "Keti."

"Unanikalisha, kwani kuna msiba?"

Nikampa. Akainusa. "Hii ni barua ama nyama?"

"Nyamaza nikusomee. Mimi nilifika la saba."

Ilikuwa ya penseli. Niliiinua dirishani, karatasi ikapitisha mwanga, maneno yakaonekana.

"'Mke wangu, karani akusomee hii polepole. Watakuambia nimeoa. Ni uongo. Nimelazwa, kifua kinanisumbua sana. Nakal akianza kutembea, mpeleke uwanjani aone ndege iliyoleta maneno yangu. Sijawaacha.'"

Nakal akasogea karibu.

"Rudia pale mwisho."

"Sijawaacha."

Machozi yakamtoka, na huku anacheka. "Huyo baba yako, kichwa ngumu! Mchwa wote wa Turkana, na kwa mafuta yake hata mmoja hakuigusa."

Nilicheka pia. Moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nikamwambia chai iko tayari, angoje kidogo.

Akaifunga barua kwenye pindo la leso, akatoka kumpelekea mama yake.