Muhuri Namba Kumi na Nne

Roketi ilirudi na miguu minne, ikasimama kwa mitatu.

Tuliiangalia kwenye televisheni ya chumba cha chakula, karakana nzima, watu kumi na tisa na ovaroli zetu. Ilirushwa kutoka pwani ya Virginia, ikapanda mpaka kamera ikaonyesha weusi mtupu, halafu ikageuka kuirudia sakafu ya zege ilikotoka. Injini ikawaka tena. Vumbi likatanda. Miguu ikakunjuka. Kwa sekunde mbili hivi ilisimama wima, na Chepkirui, fundi wetu wa mashine ya kutoboa, alikuwa amesharuka kunikumbatia. Kisha mguu wa tatu ukajikunja taratibu kama goti la mtu aliyechoka, roketi ikalala ubavu, skrini ikajaa moto.

Hakukuwa na mtu ndani. Nalisema hilo mapema ili asije mtu akaniambia nimshukuru Mungu ninyamaze. Nilimshukuru. Sikunyamaza.

Miguu ile tuliitengeneza sisi, hapa Hyattsville, jimbo la jirani. Na mkaguzi wa mwisho wa miguu ni mimi, Jacqueline, Mama Lusekelo.

Watu wanadhani kazi ngumu ni kuirusha. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka nilipoanza masomo ya jioni, Jumanne na Alhamisi, na mwalimu akatuandikia hesabu ubaoni. Roketi ikirudi, matangi yake yako karibu tupu, imekuwa nyepesi mno. Injini hata ukiipunguza mpaka mwisho, nguvu yake bado inazidi uzito wa roketi. Kwa hiyo haiwezi kuelea hewani ikijipanga. Ikiwashwa mapema, itasimama juu juu na kuanza kupaa tena. Ikichelewa, itajipigiza chini. Lazima mwendo uishe palepale ardhi inapoanzia. Siku niliyoielewa hesabu hiyo nilitabasamu kwenye basi peke yangu, abiria mwenzangu akasogea pembeni.

Sasa watu nisiowajua walipiga hesabu yote hiyo wakapatia. Injini ikapatia. Upepo nao ukakubali. Halafu komeo, kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba changu, kinachoingia tunduni na kuufunga mguu ukishakunjuka, kikachomoka. Komeo letu. Tundu letu.

Siku tatu baadaye, siku ya Ijumaa, meneja wetu Mark aliniita ofisini, akanisogezea fomu ya mguu wa tatu.

"Muhuri namba kumi na nne ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi Jumatatu saa nne asubuhi tuna kikao. Watu wa roketi watakuwepo."

Fomu ilisema tundu limepimwa, liko sawa. Nikaisoma mara mbili, maana tundu lile nilikuwa nalikumbuka vizuri. Kipimo chetu kina ncha mbili. Ya kijani lazima iingie tunduni; nyekundu lazima igome. Alhamisi ile, miezi miwili kabla, nyekundu iliingia bila hata kusukumwa; tundu lilikuwa pana mno. Nikafunga kadi ya kukataa kwenye mguu, nikamwambia msimamizi wangu, Mzee Silvanus, kisha nikakimbia, kwa sababu shule ya watoto inafunga saa kumi na mbili jioni. Kesho yake mguu haukuwepo.

"Tulitia bushi jana ileile," Mzee Silvanus aliniambia. "Nikapima mwenyewe. Lori lilikuwa linasubiri, mwanangu." Bushi ni pete ya chuma inayorudisha tundu lililopanuka kwenye kipimo chake.

Nikaamini. Ningeachaje? Mzee Silvanus ndiye aliyenitafutia kazi hii. Uchungu uliponishika, ni gari lake lililonipeleka hospitali, na mkewe, Anti Rosemary, ndiye aliyenikandia tumbo kwa maji ya moto wiki tatu. Mzee ndiye aliyenifundisha kushika kipimo. "Ukimaliza andika saa na dakika," alizoea kusema. "Siku ukiulizwa, hiyo ndiyo itakayokutetea." Na ndiye aliyeniambia muhuri wangu niuache kwenye droo yake, nisiende nao nyumbani mtoto akauchezea. Sheria inasema kila mkaguzi atembee na muhuri wake. Lakini mtu aliyekupeleka leba unamwambiaje kwamba humwamini na droo?

Jumapili baada ya ibada walikuja kwangu, yeye na Anti Rosemary, wamebeba sufuria ya pilau. Lusekelo akawakimbilia, maana anawaita babu na bibi. Anti akampakata. Mzee akakaa, akavua kofia, akauliza habari za masomo, akauliza habari za mama yangu kule Tukuyu. Nikajua kuna jambo.

"Mwanangu Jaki," akaanza. "Kosa ni letu sote. Lakini karatasi inataka jina moja."

"Na jina lililopo ni langu."

"Ndiyo hivyo. Sasa wewe Jumatatu sema ulichanganya ncha za kipimo. Nyekundu ukaiona kijani, ulikuwa na haraka ya mtoto. Watakuelewa. Wewe mama."

"Bushi mlitia, mzee?"

Akaitazama kofia yake.

"Lori lilikuwa linasubiri," akasema.

Nilihisi masikio yananiwaka. Anti Rosemary akadakia haraka, huku akimsuka mwanangu nywele, vidole vilevile vilivyonikanda.

"Wewe bado mbichi, mama. Una shule yako, kampuni yoyote itakuokota. Huyu ana miaka sitini na mbili, akitoka pale nani atamchukua? Tusiumbuane mbele ya Wazungu. Haya mambo tunayamaliza kifamilia."

Lusekelo akainua kichwa, akauliza kwa Kiingereza chake cha shuleni kama roketi iliumia ilipoanguka.

"Iliumia kidogo, mjukuu wangu," Mzee akamjibu, akacheka.

Akacheka! Hapo ndipo nilipotaka kumpigia kelele atoke kwangu. Lakini nililelewa vile nilivyolelewa, na ulimi wangu ukatoa kitu kingine kabisa.

"Nimesikia, mzee."

Wakaridhika. Wakaniombea, wakaondoka, sufuria wakaiacha mezani. Sikuifunua. Nilizunguka sebuleni nikifokea makochi. Nilifoka kwa ajili ya watu waliopiga zile hesabu, nikafoka kwa ajili yangu. Mkaguzi aliyeona nyekundu akaiandika kijani haajiriwi tena popote. Hilo Mzee alilijua kuliko mtu yeyote. Na mwanangu angeelezwa vipi? Kwamba mama yako alishindwa kutofautisha rangi unazozijua wewe?

Nikaitazama tena picha ya fomu niliyopiga ofisini kwa Mark. Muhuri wangu. Chini yake saa, kwa tarakimu nadhifu: saa kumi na moja na dakika hamsini na mbili jioni.

Nadhifu kama alivyonifundisha.

Shule ya Lusekelo, ukimchukua mtoto, unasaini kwa kidole kwenye kompyuta ndogo pale mlangoni, na simu yako inapokea ujumbe. Huwa nakasirishwa na ujumbe wao, unajaza simu bure. Nilirudi nyuma, nikapita wiki baada ya wiki za "Lusekelo amekula vizuri" mpaka nikaifikia Alhamisi ile. Lusekelo amechukuliwa na mama, saa kumi na moja na dakika arobaini na moja, Takoma Park.

Nilikaa chini sakafuni, nikaanza kulia, na mwanangu akaja kunifuta kwa soksi yake.

Jumatatu nilipanda basi na sufuria mapajani. Chepkirui alinikuta mlangoni.

"Wee, sufuria ni ya nini? Unaenda kikao ama matanga?"

"Ni ya Mzee Silvanus. Narudisha."

Akafunua kidogo. "Na pilau ndani? Haijaguswa?" Macho yakamtoka. Kwetu na kwao ni mamoja: chombo cha jirani hukirudishi kitupu, na hukirudishi na chakula chake mwenyewe. "Ai, Mama Lu. Basi umekasirika kweli. Sikia, hilo tundu nilitoboa mimi, na nilimwambia huyo mzee drill imeisha makali, inapanua matundu. Akaniambia malizia nayo tu. Ukiniita naingia."

Kikaoni walikuwa Mark, wanawake wawili wa kampuni ya roketi, Mzee Silvanus na mimi. Mmoja wa wale wanawake alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala wiki nzima. Nikawaza, huyu ndiye aliyepiga hesabu.

Mark akauliza nieleze.

"Muhuri ni wangu," nikasema. "Mkono si wangu. Nililikataa tundu hilo. Saa iliyoandikwa hapa, mimi nilikuwa Takoma Park nikimvalisha mwanangu koti, na basi la kurudi huku ni nusu saa." Nikaweka simu mezani.

Mzee Silvanus akaniinamia, akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya kubembeleza, "Jaki, mwanangu. Tutoke nje tuongee."

Nikamjibu kwa Kiingereza, wote wasikie.

"Hapana, mzee. Tunaongea hapahapa. Ulinifundisha niandike saa initetee, na wewe ukaiandika. Mguu ulikuwa na kadi ya kukataliwa, wewe ulijua, ni wao tu hawakujua. Na mimi nina kosa langu: niliuacha muhuri kwenye droo yako, na ulipodanganya sikuomba kuliona bushi. Hilo niandikieni. Lingine silibebi."

Chepkirui aliitwa, akasema yake. Kabla ya mchana stoo zote zilifunguliwa, tukapima kila mguu uliobaki. Ncha nyekundu iliingia kwenye matundu matano. Kila ilipoingia nilipandwa na hasira upya, na yule mwanamke wa macho mekundu aliandika namba yake.

Mimi nilipewa onyo la maandishi. Mzee Silvanus alikusanya vitu vyake siku hiyohiyo. Alipopita mezani kwangu nilimpa sufuria yake kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kumpa mkubwa kitu. Aliipokea. Uzito wake ukamwambia.

Anti Rosemary hanisalimii tena kanisani. Lusekelo anauliza bibi yuko wapi, na hilo linaniuma, sitasema haliniumi. Lakini sijutii, na hasira sijaimaliza. Nimeiweka karibu na kipimo, inanisaidia kuona.

Mwezi uliopita walirusha nyingine. Tulisimama tena mbele ya televisheni. Safari hii Chepkirui hakuruka. Alinishika mkono akahesabu kwa Kikipsigis, lugha ya kwao. Injini, vumbi, miguu. Wenzetu walikuwa wanaangalia roketi, mimi nauangalia mguu wa tatu. Alihesabu mpaka sitini. Moshi ukaondoka, na roketi ikawa imesimama pale juani kwa miguu yake minne, imechafuka masizi, tayari kujazwa mafuta na kurushwa tena.

Watu wakapiga makelele. Mimi nikatazama saa, nikapapasa mfuko kuhakikisha muhuri umo, nikatoka.

Mlangoni kwa shule ya Lusekelo nilisaini saa kumi na moja na dakika thelathini na nane.