Besi ya Harusi ya Soipan

Mwaka wa 2003 kanisa letu la Kitengela lilikuwa na gitaa la besi lakini halikuwa na mpigaji. Kimeu, aliyekuwa akilipiga, alikuwa amehamishwa kikazi. Nikalichukua mimi, mwalimu wa chekechea kutoka Bungoma, mtu wa kichwa kigumu.

Soipan, rafiki yangu wa kwaya, alikuwa anaolewa mwezi wa nane kisha ahamie Loitokitok.

"Selpha, nikiingia kanisani, besi upige wewe," aliniambia. "Sitaki mtu wa kukodi."

Mama yake, Rebecca, ndiye angemwimbia akiingia, kama alivyowaimbia dada zake wote. Aliposikia habari zangu alipiga simu kutoka Ilbisil: "Mtu wa kujifunza, kwa harusi ya mtoto wangu? Hapana."

Soipan alikataa kunibadilisha. Nikajua nikikosea, nimemharibia siku yake, na mama atasema si nilisema.

Wimbo ulikuwa chorasi ya Kizungu ambayo mama aliimba kwa Kimaasai. Nikaenda cyber, duka la intaneti, nikaprintiwa tab yake: mistari minne, kila mmoja uzi wake, na nambari za kukuonyesha pa kubonyeza. Noti za muziki sikuzijua, lakini nambari nilikuwa nafundisha kila siku! Watoto wakienda nyumbani nilikaa na ile karatasi mpaka vidole vikaota sugu. Kufikia Julai nilipiga macho yamefungwa. Nilijiona sana, sikatai.

Harusi ilikuwa Kajiado mjini. Mama Rebecca alifika asubuhi hiyo hiyo, hatukupata hata nafasi ya kujaribu pamoja. Soipan aliposimama mlangoni, mama akaanza, juu kabisa, huko sauti yake ilikotaka. Kwetu kanisani mwimbaji huanza kwa sauti anayopenda, juu au chini, mpigaji amtafute. Kimeu alifanya hivyo kila Jumapili mbele ya macho yangu, na mimi nikadhani wimbo unakaa mahali pamoja kama ulivyoandikwa. Nikapiga nambari zangu. Ilikuwa kama redio mbili chumba kimoja. Watu wakageuka. Soipan akasimama pale pale. Nikatoa mikono kwa nyuzi, machozi yakanijaa. Nilitamani ardhi inimeze.

Mama Rebecca akaacha kuimba. Akaja moja kwa moja nilipokuwa, shanga zikigongana, nami nikalishika gitaa vizuri nimkabidhi. Akaniwekea mkono begani.

"Anza wewe, mtoto wangu," akasema. "Mimi nitakufuata."

Nikaanza. Akasikiliza kidogo, akainamisha kichwa, kisha akaingia chini, kwa sauti nzito ambayo hata binti zake hawakuwa wameisikia. Soipan akatembea.

Mama Rebecca tulimzika 2009. Nimepiga harusi nyingi tangu siku ile, na siku hizi mwimbaji aanze popote, nampata kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Wote hao nimewafuata mimi. Aliyewahi kunifuata ni yeye peke yake.