Siku Ashatu Asipopanga Kuja

Jumanne moja, saa tatu na robo asubuhi, Mwanahija alikuwa amekaa uani akichambua mchele, na siku yote ameshaipanga: mchele, nguo, swala ya adhuhuri, kisha mjini kununua uzi. Shoga yake Ashatu akabisha hodi. Alikuja kurudisha ungo aliouazima tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi, akasema hakai. Akakaa mpaka alasiri. Mchele ukaliwa nusu na kuku, nguo zikachacha kwenye beseni, na wawili hao wakaicheka harusi ya miaka arobaini iliyopita mpaka Mwanahija akashika mbavu. Nje ya ua, bomba la kitongoji likakohoa mara mbili, likatoa maji.

Hakuna aliyeshtuka. Wanawake wa Ukwajuni, njia ya kwenda Kaole, walichukua ndoo wakapanga foleni. Bomba lile lilizinduliwa miaka mitatu nyuma na mgeni rasmi aliyekata utepe, akapiga picha ameshika koki, kisha akanywa maji ya chupa yaliyotoka garini mwake. Tangu siku hiyo halikutoa tone, na watu wakarudi kwenye kisima cha maji ya chumvichumvi, mwendo wa nusu saa. Sasa lilitoa maji baridi na matamu, na Ashatu alipoaga likakata.

Haukupita mwezi wanawake wakawa wameshaijua kanuni yake. Mwanahija na Ashatu wakikutana bila kupanga, wakafurahi, maji yanatoka. Wakipanga, hayatoki. Waliahidiana Ijumaa moja wasuke ukili wa mkeka pamoja, wakasuka pima kumi na mbili, wakafurahi kiasi chao, na bomba halikutoa hata jasho.

"Ni rehema tu," alisema Ashatu, ambaye maisha yake yote alitoka nyumbani bila kujua anakwenda wapi, na kila mara akafika. "Mambo ya Mungu hayana saa."

Mwanahija, mwenye kalenda tatu ukutani, alimjibu kwamba mambo ya Mungu yana saa tano kila siku na zote zinaadhiniwa.

Kero ilianza ilipoingia kamati ya maji. Katibu wake, Muhidini, alikuwa bwana wa makamo mwenye adabu na faili.

"Shikamoo, bi Mwanahija."

"Marahaba."

"Kamati imewapangia. Jumatatu na Alhamisi, saa tatu mpaka saa sita. Mkae, mfurahi."

"Tufurahie nini?"

"Hilo kamati imewaachia wenyewe."

Wakakaa kwenye viti viwili vya plastiki, nyuma yao ndoo sitini. Ashatu akauliza habari za nyumbani, Mwanahija akasema nzuri. Mwanahija naye akauliza, Ashatu naye akasema nzuri. Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. Mtu akakohoa kuwahimiza. Miaka yote hiyo wawili hawa hawakuwahi kukosa neno, lakini Jumatatu ile Mwanahija alimtazama shoga yake akaona mwanamke tu, mwenye chunjua karibu na sikio, ambaye ameagizwa kumpenda mpaka saa sita. Hapo alikasirika hasa. Maji hayakutoka.

Muhidini aliona kosa liko kwenye maneno. Akaenda kwa maalim Shuaibu wa madrasa kumuuliza: mtu akiahidi kwa kusema inshallah, je, huo ni mpango au si mpango? Maalim aliomba wiki mbili. Jibu lake lilikuwa kwamba inategemea msemaji. Inshallah ya Mwanahija ni mpango uliovishwa kanzu. Ya Ashatu ni inshallah. Kamati ikapitisha kwamba Ashatu ndiye awe anaahidi. Bado hayakutoka.

Ndipo wakachimba. Chini ya zege bomba lilishuka urefu wa mkono mmoja, likaishia hapo, limezibwa kwa gunzi la muhindi. Hapakuwa na bomba jingine, si la kutoka upande wa mji wala upande wa Kaole. Watu wakalitazama shimo. Mzee mmoja akasema gunzi lenyewe ni la mbegu nzuri ya zamani. Kwamba mabomba yalitoka bohari na hayakufika, kila mtu alielewa, na kila mtu alikuwa na jina la mtu kichwani, hakuna aliyelitaja. Wanawake wakamwomba Muhidini afukie, maana udongo unaingia kwenye ndoo. Akafukia, akaandika kwenye faili kwamba ukaguzi umefanyika.

Mwanahija akafika mwisho wa subira. Ashatu akionekana tu kwenye kona ya msikiti, ndoo zinagongana mtaa mzima. Wanawake walimchungulia juu ya ua kuuliza kama leo hawajagombana. Mmoja aliwaletea halua ili wafurahi haraka, kwa kuwa ana nguo za kufua. Tangu afiwe na mumewe, kitu kilichomfanya Mwanahija aamini kwamba Mungu bado anamkumbuka ni ile hodi asiyoitarajia, na sasa hata hodi ilikuwa mali ya kamati. Akamwambia Ashatu asije. Ashatu akasema haya.

Siku kumi na tisa hawakuonana. Mwanahija alifanya kila alichokipanga, kwa saa yake, na ikifika isha hana la kumsimulia mtu. Alimkumbuka mno Ashatu. Alimkasirikia pia, kwa kutii.

Siku ya ishirini jogoo wa Ashatu alikimbia kisu. Akakata mashamba mawili, akaingia uani kwa Mwanahija, na Ashatu nyuma yake, hata hodi hakubisha.

"Mshike huyo, shoga."

Wakamkimbiza kuzunguka nyumba, wanawake wa miaka sitini na tatu. Ashatu akatumbukia kwenye beseni la nguo. Mwanahija akaenda kumvuta, wakaanguka wote, na wakacheka wakiwa wamelowa mpaka vifuani. Jogoo akapanda juu ya paa. Bomba likakohoa.

Wakati uleule lori lilikuwa linapita na mabomba mapya, likitafuta vitongoji visivyo na maji. Fundi mkuu akateremka, akanawa uso pale kokini, akamuuliza Muhidini kama maji yanatoka. Muhidini, ambaye hakuwa mwongo, akasema yanatoka. Fundi akaandika.

Mwanahija alitoka mbio, akalishika dirisha la lori. "Baba, chini pale hapana kitu. Pana gunzi."

"Mama, umelowa," fundi alisema kwa upole. "Nenda kabadilishe nguo usije ukaugua." Lori likaenda zake kitongoji cha mbele.

Alasiri ilipoadhiniwa, Ashatu alimfunga jogoo miguu, akajitanda kanga yake. Mwanahija akamsindikiza mpaka penye bomba. Alitaka kumuuliza kesho atakuja saa ngapi. Ni swali ambalo mtu yeyote humuuliza shoga yake. Watu kumi na mmoja waliobaki kwenye foleni wakamtazama mdomoni.

"Haya," alisema Mwanahija.

"Haya," alisema Ashatu, akashika njia, na maji yakakata.