Kitanda cha Yelfi

Mwanao akikwambia anapolala pana tatizo, nenda ukalale pale. Usimjibu ukiwa kitini. Rosmaniar alijibu akiwa kitini.

Yeye ndiye aliyesimamia waifai ya mabweni ya wafanyakazi wa viwanda kisiwani Batam, majengo yaliyopangana kama matofali juani, kila bweni na kisanduku chake cha kurusha mawimbi. Binti yake, Yelfi, alikuwa akiunga vipuri vya simu kiwandani na kulala bweni la mwisho, chini ya kilima, ambako simu haishiki mnara, ila waifai tu. Hakutaka kuzeekea pale. Chuo cha uuguzi cha Padang kilikuwa kimemwita kwenye usaili wa video, Alhamisi alasiri, apate nafasi ya kusomeshwa bure. Usaili wenyewe haurudiwi.

Jumatatu, saa ya chakula, akamletea mama yake ofisini lontong, wali uliopikwa ndani ya majani ya mgomba.

"Amak, waifai ya kwetu inakatakata. Alama zimejaa, lakini hakuna kinachokwenda. Kama mchumba wa Deswita wa kitanda cha juu: ahadi tele, mwenyewe haonekani."

Rosmaniar akacheka, akamgeuzia skrini. "Tazama, mwanangu. Bweni lenu lote kijani. Kisanduku kizima."

"Kijani chako kinanisaidia nini mimi kitandani?"

"Basi ni simu yako. Umeijaza tamthilia za Kikorea."

"Si mimi peke yangu, Amak. Hata Deswita analalamika. Njoo uone."

"Na kazi hizi nimwachie nani? Togar?"

Togar, mwenzake wa meza ya pili, Mbatak mwenye sauti ya kupasua bati, akadakia: "Waongezee nguvu, Ros! Asiyesikia hupigiwa kelele!"

Likamwingia. Akapandisha nguvu ya visanduku vyote, mpaka mwisho. Skrini ikabaki kijani, naye akala lontong yake kwa raha.

Jumatano Yelfi akarudi. "Kesho nije nifanyie hapa kwako?"

"Ya nini? Nimeshakutengenezea. Hapa Togar anapayuka kama yuko mnadani. Kaa kitandani kwako, vaa baju kurung yako, tulia."

Alhamisi Yelfi akatulia kitandani, kama alivyoambiwa. Swali la kwanza tu, uso wake ukaganda kwenye skrini za Padang, mdomo wazi. Alipopata njia tena, walikuwa wameshamwita mwingine. Hakumpigia mama yake. Alivua baju kurung, akavaa sare, akaingia zamu. Habari aliileta Deswita.

Rosmaniar akaenda mbio, akapanda kitanda cha mwanawe na viatu vyake, simu mkononi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Simu haikuwa imeshika kisanduku cha pale mlangoni. Ilikuwa imeng'ang'ania cha bweni la ng'ambo, kuvuka uwanja. Kile tangu mwanzo kilikuwa na sauti kubwa kupita kiasi, naye akazidisha. Simu ilisikia makelele ya mbali, ikayafuata. Lakini sauti yake yenyewe, ndogo, haikufika huko. Na hapo mlangoni kisanduku kimekaa bure, kizima, kijani.

Akaipunguza nguvu ya visanduku vyote palepale, kwa simu yake.

"Eh, Etek!" Deswita akamwita, kama mtu amwitavyo mama mdogo, kutoka kitanda cha juu. "Inapita! Imepona kabisa! Kumbe ni kazi ndogo hivyo?"

Ndiyo, ilikuwa kazi ndogo. Ingefanyika Jumatatu, kabla lontong haijapoa.

Usiku Yelfi akatoka zamu, akamkuta mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Nimelipata tatizo, mwanangu. Kumbe ni mimi nili—"

"Asante, Amak." Yelfi alikuwa anafungua kamba za viatu, hakuinua uso. "Sasa naomba unipishe, nilale."

Rosmaniar akasimama, akampisha.